Shirika Likiondoka, Nani Anabaki na Spana?

Maswali ya wasomaji na majibu ya safu

Tangu tulipogusia suala la misaada ya kimataifa, barua zilizotufikia zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika masomo ya maendeleo. Kila ninachosoma kinayaita mashirika yasiyo ya kiserikali "wadau muhimu" wa maendeleo endelevu, lakini sijapata maelezo ya kwa nini yawepo, ilhali kila nchi ina serikali yake na dunia ina Umoja wa Mataifa. Kazi yao hasa ni ipi?

JIBU: Neno "wadau" limetumika mno hata limekuwa butu, kwa hiyo tuliweke kando, tuanze na maandishi yenye nguvu ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, katika Ibara ya 71, unaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kuweka utaratibu wa kushauriana na mashirika yasiyo ya kiserikali kuhusu mambo yaliyo ndani ya mamlaka yake. Leo mashirika zaidi ya 6,000 yana hadhi hiyo ya ushauri. Zingatia kitenzi chenyewe: kushauriana. Mashirika huhudhuria vikao, huwasilisha maandishi na huomba nafasi ya kuzungumza, lakini kura ni za mataifa. Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, hati iliyoitwa Ajenda 21 iliyatengea mashirika haya sura nzima, ya 27, na kuyaita wabia wa maendeleo endelevu. Na Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa Septemba 2015, ambayo ni malengo 17 yenye shabaha 169, yanarudia wazo hilo katika lengo la mwisho linalohusu ubia.

Hayo ni ya makaratasi. Ukiyaacha na kutazama kazi iliyofanyika, utaona mambo mawili ambayo serikali, hata iliyo njema, huyafanya kwa shida.

La kwanza ni kulisema lile ambalo hakuna serikali yenye haraka ya kulisema. Mwaka 1992 mashirika sita yaliungana kuanzisha kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Baadhi yao yalikuwa yakiwahudumia watu waliokatwa miguu na mabomu hayo, kwa hiyo yalizungumza yakiwa na wagonjwa mbele ya macho yao. Desemba 1997 mkataba wa kuyapiga marufuku ulifunguliwa kutiwa saini huko Ottawa, Kanada. Mwaka huohuo kampeni hiyo na mratibu wake, Jody Williams, walipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Na tarehe 1 Machi 1999 mkataba ukaanza kutumika. Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na mwaka 2025 baadhi ya nchi za Ulaya zilitangaza kujitoa, jambo linaloonyesha kwamba kazi ya ushawishi haifiki mahali ikafungiwa kabatini.

La pili ni kujaribu, kukosea na kujirekebisha. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu mfano wenyewe ni mtamu. Shirika la BRAC lilianzishwa nchini Bangladesh mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed ili kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea makwao baada ya vita vya uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Dhaka na Kolkata walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba mgonjwa wa kuhara huweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi. Ujuzi ulikuwepo, haukuwa umefika kwa mama mwenye mtoto anayeharisha usiku wa manane. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wafanyakazi wanawake wa BRAC walitembea nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12, wakifundisha dawa ya kutengenezwa kwa vitu vilivyokuwamo jikoni: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na nusu lita ya maji. Mama alitakiwa kuitengeneza mwenyewe mbele ya mwalimu, kwa mkono wake na chombo chake.

Linalonivutia zaidi ni namna walimu hao walivyolipwa. Wiki kadhaa baada ya somo, mkaguzi alirudi katika baadhi ya nyumba, akawauliza akina mama yale mambo kumi waliyofundishwa na kuwataka watengeneze dawa mbele yake. Ujira wa mwalimu ulitegemea kile ambacho mama alikuwa bado anakikumbuka. Hata hivyo, iligundulika baadaye kwamba wengi waliijua dawa lakini hawakuitumia. Shirika halikuficha. Liliuliza, likaambiwa kwamba walimu wenyewe hawakuiamini na walipougua walikimbilia vidonge, na kwamba wanaume walijiona wamerukwa katika jambo linalohusu nyumba zao. Walimu wakapelekwa kuelezwa namna dawa inavyofanya kazi mwilini, na wanaume wakaitishiwa mikutano yao. Wizara ya afya isingeshindwa kufanya hivyo, lakini ni nadra sana wizara kukiri mbele ya umma kwamba imefundisha jambo ambalo watumishi wake hawaliamini.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kamati ya maji. Shirika moja lilituchimbia kisima na kutufungia pampu ya mkono. Kulikuwa na sherehe, hotuba na picha. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu. Uliisha, gari likaondoka, na mwaka uliofuata pampu ikakatika maji. Tumepiga simu kwenye ofisi yao, namba haipatikani. Sasa watu wamerudi kuchota mtoni na wananilaumu mimi. Je, haya ndiyo maendeleo endelevu? Na kosa ni la nani?

JIBU: Ndugu Katibu, pole kwa lawama ambazo kwa sehemu kubwa si zako. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Tunapoyasikia maneno "vizazi vijavyo" tunawaza wajukuu wa wajukuu. Kwenye pampu ya mkono, kizazi kijacho huanza mwaka wa nne.

Hukutaja aina ya pampu yako, lakini nichukue iliyoenea sana, Afridev. Ilibuniwa katika miaka ya 1980, ndani ya ule Muongo wa Kimataifa wa Maji ulioanza 1981 hadi 1990, kwa nia mahususi ya kuwawezesha wanakijiji kuifungua na kuitengeneza bila kungoja fundi kutoka mjini. Matengenezo yake ya kawaida yanahitaji spana moja tu. Ndani ya silinda, chini kabisa majini, mna raba ya mviringo inayozunguka pistoni, ndogo ya kutosha kufumbatwa kiganjani. Raba hiyo husuguana na silinda kila mpini unaposhushwa, na kama kila kitu kinachosuguana, hulika. Dalili zake unazijua kuliko mimi: kwanza maji hupungua nguvu, kisha mpini hushushwa mara nyingi kabla hayajapanda, mwishowe mpini huwa mwepesi mkononi na hakuna kinachotoka.

Sasa fuata mnyororo kutoka kwenye raba hiyo. Spana iko kwa nani? Mara nyingi iko kwa kijana aliyepata mafunzo ya siku tatu kisha akahama kutafuta kazi, na huwezi kumlaumu kwa kutafuta riziki. Raba inauzwa wapi? Hapa ndipo penye kosa ambalo mashirika mengi hulifanya kwa nia njema kabisa. Wakati wa mradi vipuri huletwa bure pamoja na pampu; kwa hiyo mfanyabiashara ambaye angeviweka dukani hana wa kumuuzia, na mradi unapoisha hakuna duka lenye vipuri kwa sababu wakati wote wa mradi hakukuwa na biashara. Msaada wa miaka mitatu huwa umeua soko ambalo lingeihudumia pampu kwa miaka ishirini. Na fedha za kuinunulia raba hiyo ziko wapi? Michango hukusanywa pampu inapokuwa nzima, na wakati huo hakuna anayeona haja. Ikiharibika, watu huchangia kwa hasira au hawachangii kabisa.

Usidhani mko peke yenu. Kwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara, makadirio ambayo yamenukuliwa kwa miaka mingi ni kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono hazifanyi kazi kwa wakati wowote unaozihesabu. Hesabu kama hiyo haitokani na uvivu wa kamati moja. Inatokana na namna mafanikio yanavyopimwa: taarifa inayopelekwa kwa mfadhili ina safu ya "visima vilivyochimbwa" na safu ya "watu walionufaika", lakini ni nadra kuwa na safu ya siku ambazo maji yalitoka katika mwaka wa tano. Meneja wa mradi anajaza safu zilizopo. Huyo anayezisoma yuko mbali, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuhusu kosa, nitaligawa bila haya. Fungu kubwa ni la shirika, kwa kuondoka bila kuacha njia ya vipuri na bila namba inayopatikana. Fungu linalofuata ni la mamlaka ya maji ya eneo lenu, ambayo bila shaka ilialikwa kwenye sherehe na ikakubali kisima kiingizwe katika takwimu zake. Aliyekubali sifa hawezi kukwepa mzigo. Fungu dogo ni la kamati, kama haikuweka akiba. Shabaha mojawapo chini ya lengo la sita la Malengo ya Maendeleo Endelevu inataka ushiriki wa jamii katika usimamizi wa maji uungwe mkono na kuimarishwa, na wapo waliousoma ushiriki huo kuwa ni ruhusa ya kuwaachia wanajamii kila kitu. Mtu wa mjini haambiwi aunde kamati ya kutengeneza bomba la mtaa wake.

La kufanya sasa: tafuta hati ya makabidhiano ya mradi, ambayo ama iko kwenu ama iko kwenye ofisi ya mamlaka, andika barua kwa mamlaka hiyo ukiambatanisha nakala, na uulize kwa maandishi kisima kiko chini ya nani. Swali la maandishi hujibiwa tofauti na la mdomo. Kisha ulizieni fundi anayehudumia pampu kadhaa za maeneo jirani, kwa sababu raba mnayoihitaji ninyi mara moja kwa mwaka, yeye anaihitaji mara kwa mara, na ana sababu ya kuiweka. Mahali kwingine kumejaribiwa mikataba ambayo watumiaji hulipa ada ndogo ya kila mwezi na mafundi hujifunga kurudisha maji ndani ya siku chache. Mwenye mkataba wa namna hiyo ana haraka, kwa kuwa pampu iliyolala haimlipi.

SWALI: Mhariri, kwa nini sehemu kubwa ya fedha za misaada huishia kwenye mishahara, magari na semina? Mimi huchangia mashirika mawili na nimeamua kumpa anayetumia kidogo zaidi ofisini. Nimekosea?

JIBU: Hasira yako ina msingi, lakini kipimo chako kinaweza kukupotosha. Shirika linaloweza kukuonyesha kwamba karibu kila senti ilikwenda moja kwa moja kwa walengwa mara nyingi ni shirika ambalo halikumlipa mhasibu mzuri, halikurudi kukagua na halikumfundisha mtu. Wale wakaguzi wa BRAC waliokuwa wakirudi nyumba kwa nyumba walikuwa "gharama za uendeshaji", na bila wao shirika lisingejua kamwe kwamba dawa haitumiki. Gari linalopita kwenye barabara mbovu kumpeleka fundi kwenye pampu ni gharama halali. Gari lililoegeshwa nje ya hoteli kwa warsha ya nne ya kujadili mpango kazi uleule ni jambo jingine, na kwa macho tu yanafanana.

Badala ya kuuliza asilimia, liandikie kila shirika likueleze jambo moja lililoshindikana mwaka jana na lilibadilisha nini kwa sababu hiyo. Litakalokujibu kwa uwazi lipe mchango wako. Litakalokutumia kijitabu chenye picha za watoto wanaotabasamu, fikiri upya.

SWALI: Nataka kuanzisha shirika langu la kusaidia vijana. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye shirika lililopo. Jitolee mwaka mmoja, uone taarifa zinavyoandikwa na hesabu zinavyokaguliwa, na ujue ni nini tayari kinafanywa na nani. Asasi za mfukoni, zenye muhuri, akaunti ya benki na mwenyekiti ambaye pia ni katibu na mweka hazina, zimekwisha kutosha. Baada ya mwaka huo, ukiona pengo ambalo hakuna anayeliziba, tuandikie tena na tutakuonyesha utaratibu wa usajili.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefanya kazi miaka tisa katika shirika la ndani ya nchi yetu lililokuwa likifadhiliwa, kupitia shirika kubwa la kimataifa, na fedha za Marekani. Mwaka 2025 fedha zilisimama ghafla. Tumebaki na akiba ya miezi mitatu. Wenzangu wanasema tutafute mfadhili mwingine. Mimi nimechoka kuomba. Je, kuna shirika linaloweza kuishi bila wafadhili?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako tuliisoma mara mbili hapa ofisini. Wasomaji wengine wakumbuke kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, mwanzoni ikisema ni mapitio ya siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kufanya kazi hizo na mabaki yake kuingizwa katika wizara ya mambo ya nje. Mashirika yaliyoumia mapema zaidi ni ya namna yako: yaliyo mwisho wa mnyororo, yasiyo na mkataba wa moja kwa moja na mtoa fedha, yasiyo na akiba kwa sababu masharti ya ruzuku mara nyingi hayakuruhusu akiba.

Udhaifu huo ulijulikana siku nyingi. Katika mkutano wa dunia wa masuala ya kibinadamu uliofanyika Istanbul mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba hadi kufikia 2020 asilimia 25 ya fedha za dharura zingewafikia watendaji wa ndani ya nchi husika kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipofika, zilizokwenda kwao moja kwa moja hazikufika hata asilimia 5. Walioahidi walikuwa wa kweli, naamini. Lakini kumpa shirika moja kubwa fungu moja kubwa ni kazi ya mkataba mmoja, na kuyapa mashirika mia mafungu mia ni kazi ya mikataba mia, na afisa wa mfadhili naye ana siku yenye saa ishirini na nne.

Kuhusu kuishi bila wafadhili: wapo walioweza kwa sehemu. BRAC niliyoitaja juu ilianzisha biashara zake yenyewe, yakiwemo maduka ya kazi za mikono yaliyofunguliwa mwaka 1978, na faida yake imekuwa ikilipia sehemu ya kazi za kijamii. Lakini sitakudanganya kwamba kila shirika linaweza kufuga kuku likajitegemea. Wanaohudumia watu wasio na kitu hawana wa kumwuzia, na shirika linalotetea haki za wafungwa litauza nini? Kazi kama hizo ama zilipwe na kodi, ama zilipwe na michango ya wananchi wengi, kila mmoja kidogo, na njia zote mbili ni za miaka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, ni kweli. Ila tusisahau kwamba aliyekuwa akihudumiwa hakuchagua nduguye awe nani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika andiko jingine la mradi, ningeitumia hiyo miezi mitatu kwa jambo ambalo fedha za mradi hazikuwahi kulilipia. Tenga mezani kila huduma mliyokuwa mkiitoa na uulize, moja baada ya moja, ni ipi ambayo wizara au halmashauri inawajibika nayo kisheria. Hiyo ikabidhini rasmi, kwa hati, mkiwa bado mna wafanyakazi wanaoweza kueleza. Ipi ambayo watumiaji wenyewe wanaweza kuiendesha wakipewa ujuzi. Hiyo fundisheni sasa, kwa mikono yao na vyombo vyao. Ipi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Hiyo peke yake ndiyo ya kuombea fedha mpya. Orodha ya tatu itakuwa fupi kuliko unavyodhani, na mfadhili anayesoma maandiko mia kwa wiki hulitambua fupi lililochujwa.

Na kwa kila mradi mtakaoufunga, andikeni kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha wanayoisoma watumiaji, mambo manne: nani mwenye dhamana, kipuri kinapatikana wapi, akiba iko kwenye akaunti gani, na spana iko kwa nani. Mpeni nakala katibu wa kila kamati, abandike ukutani.